Kutoka marufuku ya mwaka 1974 hadi kompyuta ya kuunganisha

Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ukiwasimulia vijana habari hii siku hizi hucheka, wakidhani ni masihara ya watu wazima. Si masihara hata kidogo. Amri ilitoka, na kwa miaka mingi kompyuta haikuingia nchini ila kwa kibali maalumu. Kompyuta na runinga viliwekwa kapu moja: vitu vya kula fedha za kigeni katika nchi iliyokuwa ikizihitaji fedha hizo kununulia mafuta, dawa na chakula.

Leo hii, katikati ya jiji la Mwanza, kijana mwenye bisibisi moja na meza isiyozidi upana wa mlango atakuunganishia kompyuta nzima wakati wewe unamalizia chai yako. Utamweleza kazi unayotaka kuifanya, atakuandikia orodha ya vipande, utachagua hiki na kukikataa kile, na mwisho utaondoka na mashine ambayo hakuna mwingine mwenye inayofanana nayo kwa kila kitu. Kati ya amri ile na bisibisi hii imepita miaka hamsini na kitu. Juma hili nataka tuipitie miaka hiyo, kwa sababu ndani yake mna funzo ambalo naona tumeanza kulisahau.

Kompyuta ya kwanza katika nchi yetu ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ya aina ya ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Uingereza. Wakati ule kompyuta haikuwa kitu cha kuwekwa mezani. Ilikuwa mtambo wa kujaza chumba, wenye kuhitaji baridi ya kutengenezwa na watu wa kuuhudumia usiku na mchana. Hadi kufikia mwaka 1974 kompyuta za nchi nzima zilihesabika kwa vidole.

Wizara ilikusudia kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine. Kazi ikakwama. Wataalamu walioielewa mitambo ile walikuwa zaidi wageni waliokuja kwa mkataba, na wazalendo waliokwisha kufunzwa walikuwa wachache mno. Mgeni alipomaliza mkataba wake alifunga sanduku lake la nguo, na maarifa akaondoka nayo. Hesabu zikavurugika, fedha zikapotea katika jitihada ile, na ikabidi kazi irudi kufanywa kwa njia za zamani. Hapo ndipo ikaonekana heri kuufunga mlango.

Sitaki mtu awahukumu viongozi wa wakati ule kwa wepesi. Kumbuka hali ilivyokuwa. Bei ya mafuta duniani ilipanda karibu mara nne kati ya mwaka 1973 na 1974. Ukame ulikuwa umeipiga nchi, na nafaka ililazimu kununuliwa nje. Katika hali hiyo, kumpa mgeni fedha za kigeni ili aje kukulindia mashine usiyoijua, kisha mashine yenyewe ikuvurugie hesabu, lilikuwa jambo gumu kumweleza mkulima wa pamba wa Magu au Misungwi. Ubaya wa kompyuta ile ulikuwa kwamba ilikaa ndani ya nyumba yetu lakini haikuwa yetu. Aliyekuwa na ufunguo wa kuielewa alikuwa mtu mwingine. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na maarifa ya kuazima ni vivyo hivyo.

Lakini historia ina kejeli zake. Sisi tulifunga mlango mwaka 1974. Januari mwaka 1975, gazeti moja la Marekani la mambo ya elektroniki, Popular Electronics, lilitoka na picha ya mashine iitwayo Altair 8800 kwenye jalada lake. Ilitengenezwa na kampuni ndogo ya MITS katika mji wa Albuquerque, na bei yake haikufika dola 400 kwa yule aliyekubali kuletewa vipande vitupu akaviunganisha mwenyewe nyumbani kwa risasi na chuma cha kuchomea. Watu waliagiza kwa wingi kuliko wenye kampuni walivyotazamia. Mwaka uliofuata, 1976, Steve Wozniak na mwenzake Steve Jobs wakauza Apple ya kwanza kwa dola 666 na senti 66, na mnunuzi alipewa ubao wenye vipande tu. Sanduku, kibodi na kioo alijitafutia mwenyewe.

Yaani, msikilizaji, tuliikataa mashine kubwa ya chumba kizima, ile ya kununuliwa nzima na kuhudumiwa na mgeni, na katika miezi ileile ikazaliwa mashine ndogo ambayo mtu wa kawaida aliweza kuifungua, kuitazama na kuielewa. Aina hii ya pili ndiyo ingetufaa watu kama sisi. Lakini amri haikutofautisha. Mlango ulifungwa kwa zote mbili.

Sasa tuone ilikuwaje vipande vya kompyuta vikawa kitu cha kununuliwa kimoja kimoja dukani, kama misumari. Hili halikutokea kwa wema wa mtu.

Kampuni kubwa ya IBM ya Marekani ilichelewa kuingia katika biashara ya kompyuta ndogo. Ilipoamua kuingia ilikuwa na haraka, na wahandisi wake huko Boca Raton, Florida, walipewa muda wa kama mwaka mmoja hivi. Hawakuwa na nafasi ya kubuni kila kitu wenyewe. Wakachukua prosesa, yaani bongo la mashine, kutoka kampuni ya Intel, programu ya kuiendesha kutoka Microsoft, na vipande vingine kutoka kwa yeyote aliyekuwa navyo sokoni. Wakaitoa mashine yao tarehe 12 Agosti 1981. Tena wakachapisha kitabu cha ufundi chenye michoro ya ndani, ili kampuni nyingine ziweze kutengeneza vifaa vya kuchomeka humo.

Kitu kimoja tu kilibaki mali yao ambayo mwingine hakuruhusiwa kunakili: programu ndogo iitwayo bayosi, ile inayoiamsha mashine mara unapobonyeza swichi. Kampuni changa ya Compaq iliivuka kamba hiyo kwa ujanja wa halali. Kundi moja la watu lilisoma bayosi ya IBM na kuandika inafanya kazi gani. Kundi jingine, ambalo halikuwahi kuiona, likakaa na maelezo hayo na kuandika bayosi mpya tangu mwanzo. Compaq wakatangaza mashine yao mwishoni mwa mwaka 1982. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikafanya vivyo hivyo, na badala ya kujitengenezea kompyuta ikamuuzia bayosi hiyo kila aliyeitaka.

Kuanzia hapo boma lilibomoka. Viwanda vya Taiwan vikaanza kufyatua mbao za kuchomekea vipande, zile ambazo mafundi wetu huziita madabodi. Gigabyte na MSI zilianzishwa mwaka 1986, Asus mwaka 1989. Vipimo vya matundu, vya soketi na vya waya vikawa vya kukubaliana, na mwaka 1995 Intel ikatoa kipimo kiitwacho ATX kinachosema skuruu za madabodi zikae wapi na waya za umeme ziwe za namna gani. Ndiyo maana sanduku lililotengenezwa China linapokea madabodi ya Taiwan na pawa saplai ya kampuni ya tatu, na vyote vikaoana mikononi mwa fundi wa Mwanza ambaye hajawahi kukanyaga kiwanda chochote kati ya hivyo.

Mwaka huo wa 1984 una jambo jingine. Katika chumba chake cha chuo kikuu mjini Austin, Texas, kijana Michael Dell alianza biashara ya kuongezea vipande na kuunganisha kompyuta kwa kadiri mteja alivyotaka, kwa mtaji wa dola 1,000. Na mwaka huohuo, katika bajeti ya serikali yetu, wafanyabiashara wa Tanzania waliruhusiwa kuingiza bidhaa kwa kutumia fedha za kigeni walizokuwa nazo wenyewe, bila kuulizwa wamezipata wapi. Waliokuwa wakubwa wakati ule wanakumbuka jinsi rafu za maduka zilivyoanza kupata vitu. Kisha ukaja urais wa Mzee Ali Hassan Mwinyi kuanzia mwaka 1985, na neno "ruksa" likawa wimbo. Masharti juu ya kompyuta yalilegezwa hatua kwa hatua, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mlango ulikuwa wazi. Runinga nayo ilianza Tanzania Bara mwaka 1994, miaka 21 baada ya Zanzibar.

Kwa hiyo kompyuta ya kuunganisha haikutufikia kwa mpango wa taifa. Ilikuja ndani ya masanduku ya wafanyabiashara waliopanda ndege kwenda Dubai, na baadaye Guangzhou, wakarudi na madabodi zilizofungwa katikati ya mashuka. Ikashukia Kariakoo, ikapanda basi, ikafika Mwanza. Ilipovuma biashara ya intaneti kafe, mwenye duka alihitaji mashine kumi kwa mpigo na hakuwa na uwezo wa kununua kumi zenye majina makubwa. Akaunganishiwa. Vijana waliokuwa wakizifungua na kuzifunga mashine zile kila zilipougua ndio waliokuja kuwa mafundi wakuu wa mji huu.

Lakini asije mtu akadhani kuunganisha ni jambo lililotufikia na kompyuta. Ufuoni mwa Ziwa Victoria kazi hii ina zaidi ya miaka mia moja. Ziwa letu halina njia ya meli kubwa kutoka baharini, hivyo kila meli kubwa iliyolielea ililetwa kwa vipande. Meli ya William Mackinnon iliundwa Scotland, ikafunguliwa, na vipande vyake vikasafirishwa hadi Mombasa. Sehemu ya safari ya bara vilibebwa na wapagazi kichwani, maana reli ilikuwa bado haijafika ziwani. Ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1900, wakati garimoshi lilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Meli ya Victoria, ambayo wengi wetu tumeipanda kwenda Bukoba, iliundwa Glasgow katika karakana ya Yarrow, ikafunguliwa, ikaletwa Kisumu, ikaunganishwa upya na kuanza safari mwaka 1961.

Na ilipochakaa hatukuipeleka Glasgow. Ilifanyiwa matengenezo makubwa hapahapa Mwanza, ikarudi majini mwaka 2020. Jirani yake, MV Mwanza, nayo iliunganishwa katika bandari ya Mwanza Kusini kwa vifaa vya kutoka nje, wahandisi wa Korea Kusini wakifanya kazi bega kwa bega na vijana wetu, na ikashushwa majini Februari mwaka 2023. Meli yenye kuunganishwa ufuoni huacha kitu ufuoni: watu waliozishika mbao na bamba zake, wanaojua kiungo gani kinakaa wapi. Ndio wanaoitwa siku inapougua.

Panda kidogo kutoka ufuoni uingie Makoroboi. Jina la mahali hapo ni historia tosha. Linatokana na koroboi, taa ndogo za mafuta ya taa zilizotengenezwa na mafundi wa bati kwa makopo na mabaki ya vyuma. Fundi wa koroboi hakuwa na kiwanda. Alikuwa na mkasi, nyundo, na jicho la kuona taa ndani ya kopo lililotupwa. Mimi ninapomwona kijana wa leo akilipindua sanduku la kompyuta chakavu, akachomoa ramu nzima na kuiweka pembeni kwa ajili ya mashine nyingine, naona mkono uleule.

Miaka michache iliyopita nami nilihitaji mashine ya kuhariri sauti za vipindi nyumbani. Nikaenda kwa fundi mmoja wa katikati ya mji. Alinipa shikamoo, nikamwitikia, kisha akaniuliza swali ambalo katika duka la kompyuta za kununua nzima sikuwahi kuulizwa.

"Kaka, unataka ifanye kazi gani?"

Nikamwambia kazi ya redio: kurekodi, kukata sauti, kusikiliza kwa makini usiku. Akachukua karatasi. Kwa kazi hiyo, alisema, sihitaji kadi ya picha ya bei mbaya kama ile ya vijana wa michezo. Fedha hiyo niiweke kwenye prosesa, kwenye ramu na kwenye diski ya SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani, hivyo ni ya haraka na haina kelele. Feni iwe kubwa inayozunguka taratibu, kwa sababu feni ndogo inayokimbia italia mpaka ndani ya maikrofoni. Pawa saplai iwe ya kampuni inayojulikana, maana umeme ukiyumba, pawa saplai mbovu hufa na wenzake. Na sanduku liwe na wavu mbele ya feni. Hapo akacheka kidogo, akasema kompyuta za huku ziwani zinavuta vumbi na zinavuta vijidudu. Kila aliyeona mawingu ya vijidudu vya ziwani yakiifuata taa usiku anajua alichokuwa akikisema.

Nikakaa kwenye kigoda nikamwangalia. Prosesa ina alama ya pembetatu kwenye kona, na soketi ina alama hiyohiyo. Ukizilinganisha inakaa yenyewe bila kusukumwa, na ukitumia nguvu umeiharibu. Ramu ina pengo lililowekwa mahali maalumu, ili ile ya kizazi kimoja isiingie katika tundu la kizazi kingine. Juu ya prosesa alipaka dawa ya kijivu, kiasi cha punje ya dengu, ya kupitisha joto kwenda kwenye chuma cha kupoozea. Kila kipande alichokishika alinieleza kinafanya nini, na kikifa nitakijuaje. Alipowasha ulisikika mlio mmoja mfupi, na kwenye kioo yakatokea maandishi ya bayosi yakitaja vipande vyote vilivyoonekana. Bayosi ile ni mjukuu wa ile waliyoiandika watu wa Compaq na Phoenix.

Nilipotoka pale nilikuwa na mashine, na pia nilikuwa na karatasi yenye orodha ya vilivyomo ndani, kila kimoja na bei yake. Nimeitumia karatasi hiyo mara mbili tangu siku ile: mara moja nilipoongeza ramu, na mara ya pili pawa saplai ilipochoka. Safari zote mbili nilijua naenda dukani kununua nini. Linganisha na ofisi moja niliyopata kufanya kazi, ambako mashine zenye jina kubwa zilinunuliwa kwa pamoja. Pawa saplai zake zilikuwa za umbo la peke yake, na waya wake haukuoana na nyingine yoyote mjini. Zilipoanza kufa, moja baada ya nyingine zilihamia stoo, zikiwa na prosesa nzima, ramu nzima na diski nzima ndani. Kipande kimoja kisichopatikana kiliizika mashine nzima.

Hapa nisije nikaeleweka kana kwamba nasifia tu. Kompyuta ya kuunganisha ina mitego yake. Wapo wauzaji wanaokupa diski ya mtumba iliyosafishwa ukadhani ni mpya. Zipo pawa saplai zilizoandikwa wati nyingi ambazo ndani yake ni nyepesi kama boksi tupu. Zipo programu za kunakili zisizo halali, zinazoingia na virusi vyao. Dhamana mara nyingi ni neno la mdomo, na fundi akihama mtaa imehama naye. Mtu asiyejua kitu atapunjwa, na hapo kununua mashine nzima yenye risiti na dhamana kunaweza kuwa busara zaidi. Tena tuseme kweli: sisi tunaunganisha, hatutengenezi. Prosesa hatuifui, madabodi hatuichapi. Faida kubwa ya biashara hii inabaki Taiwan, China na Marekani.

Majirani zetu wamejaribu kuunganisha kwa mkono wa serikali. Rwanda ilikaribisha kampuni ya Positivo BGH kutoka Amerika ya Kusini, ikaanza kuunganisha kompyuta Kigali mwaka 2015. Kenya, baada ya ahadi ya uchaguzi wa mwaka 2013 ya kompyuta kwa watoto wa darasa la kwanza, ilianza kugawa vishikwambi mwaka 2016, na vyuo vikuu vya Moi na Jomo Kenyatta vikaingia ubia na kampuni za nje ili kazi ya kuunganisha ifanyike humohumo nchini. Si vibaya. Lakini kishikwambi kilichogundishwa kwa gundi, hata kikiunganishwa mlangoni pako, kitakapokufa betri yake mwalimu wa kijijini hatakifungua. Jambo la kuuliza ni kama aliyenacho ataweza kukifungua, popote kilipounganishiwa.

Na dunia sasa inaelekea upande wa kufunga. Kompyuta ndogo nyingi za mapajani zinazouzwa siku hizi zina ramu iliyochomelewa kwenye ubao. Ukitaka kuiongeza, nunua mashine nyingine. Simu zimegundishwa. Jambo hili limewakera hata wenye fedha zao, mpaka Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria mwaka 2024 ya kumpa mnunuzi haki ya kutengenezewa baadhi ya vifaa vyake. Ikiwa tajiri wa Ulaya anaona taabu kununua upya kila mara, mwalimu wa Sengerema au mwenye duka la kuchapa barua Nyamagana aseme nini?

Hapa ndipo funzo la mwaka 1974 linaporudi. Kosa la kompyuta ile ya Wizara ya Fedha lilikuwa kununua kitu kizima kilichofungwa, na kumwachia mgeni ujuzi wake. Amri ya kufunga mlango ilikuwa jibu la hasira kwa tatizo la kweli. Leo mlango uko wazi, lakini tatizo lile linaweza kurudi kwa njia ya pili: tukajaza shule na ofisi mashine tusizoweza kuzifungua, tukaziita maendeleo, na baada ya miaka mitano tukajenga stoo za kuzihifadhia maiti zake.

Kwa hiyo nina maombi matatu, nayo si makubwa. La kwanza ni kwa wale wanaonunua kompyuta kwa fedha za umma, za shule, hospitali na halmashauri zetu za kandokando ya ziwa. Katika masharti ya zabuni ongezeni mstari mmoja: ramu, diski na pawa saplai ziwe za kipimo cha kawaida, zinazoweza kubadilishwa kwa bisibisi na kupatikana katika maduka ya mjini. La pili ni kwa vyuo vya ufundi na shule zenye somo la kompyuta. Mwanafunzi asifundishwe kubonyeza tu. Apewe mashine moja chakavu kutoka stoo, aifungue mpaka mwisho, kisha airudishe iwake. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, na kompyuta nyingi za ofisi zimekaa mvunguni mwa meza miaka yote bila mtu kuinama.

La tatu ni kwako wewe msikilizaji, na wewe unayesoma maneno haya gazetini. Ukienda kuunganishiwa mashine, dai orodha ya vipande iliyoandikwa, pamoja na risiti na tarehe. Kaa uangalie. Uliza kila kipande kinafanya nini. Fundi mwaminifu hatachukia. Atafurahi kupata mteja anayetaka kujua. Na fundi anayekataa usiangalie, chukua fedha yako uende mlango wa pili.

Vijana wale wa bisibisi hawana sanamu mjini, wala jina lao halimo katika hotuba za bajeti. Lakini kazi waliyoshindwa wataalamu wa mkataba mwaka ule, ya kuufanya ujuzi wa kompyuta ukae kwetu, wao wanaifanya kila siku kwenye vijimeza vyao, kati ya duka la vitenge na duka la simu. Tusiwanunulie mashine zitakazowanyima kazi hiyo.

Kwa juma hili naishia hapo. Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.